KOMPYUTA HAIJUI SAA 12 ASUBUHI!

Kabla sijaanza kulonga naomba tuelewane. Mimi siyo fundi simu. Siyo fundi redio wala fundi pasi. Naandika programu za kompyuta, kazi niliyojifunza mwenyewe baada ya kumaliza kidato cha nne, usiku usiku, kwenye simu iliyopasuka kioo. Lakini hapa mtaani kwetu Sinza ukishatamka neno 'kompyuta' tu, umekwisha! Jirani anakuletea feni. Mshikaji anakuvuta pembeni na kukunong'oneza, "Mwanangu, niingilie kwenye WhatsApp ya shemeji yako, nataka nijue anachati na nani." Nikisema siwezi ananuna, eti navunga. Na siku nilipomwambia mama mwenye nyumba kwamba kazi yangu ni kuandika 'kodi', alinijibu kwamba kodi haiandikwi, inalipwa.

Huu ugonjwa umeletwa na sinema, nyie acheni tu. Kijana kavaa sweta la kofia, anagonga vitufe kama anapiga mdundiko, sekunde kumi nyingi, "Nimeingia!" Mimi naweza kukaa dakika arobaini natafuta mabano niliyosahau kufunga. Halafu zile herufi za kijani zinazoshuka kama mvua kwenye The Matrix ya 1999, vijana wanaziweka kwenye simu zao wakidhani ni siri za serikali. Aliyezibuni, Simon Whiteley, alikuja kusema mwenyewe kwamba alizitoa kwenye vitabu vya mapishi ya Kijapani vya mke wake. Mapishi, jamani! Ila tusiwaonee wote. Kwenye Jurassic Park ya 1993 kale kasichana kanakopita juu ya mafaili kama kanaruka na ndege, watu walikacheka sana, kumbe ile ilikuwa programu ya kweli ya Silicon Graphics.

Basi turudi kwangu, maana mwenzenu yalinikuta.

Desemba 2023 mama mmoja mwenye saluni alinipa kazi. Wateja waweke nafasi kwa simu, na jioni kila msusi atumiwe meseji ya ratiba yake ya kesho. Tukakubaliana bei, akanipa nusu ya mshiko mkononi. Nikajiona bab kubwa.

Sasa kasheshe ni saa. Kompyuta inahesabu siku kuanzia katikati ya usiku, sifuri mpaka 23. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapozama, na kwa kuwa huku kwetu karibu na Ikweta jua halihamihami sana, hesabu yetu inakaa vizuri tu, wala siyo ya kishamba kama wengine wanavyodai. Nikaiambia programu, mtu akisema saa ya mchana, jumlisha 6. Saa 2 asubuhi ikaleta 8, sawa. Saa 8 mchana ikaleta 14, sawa. Saa 10 jioni, 16. Saa 12 jioni, 18. Safi! Saa za usiku jumlisha 18, ndiyo saa 2 usiku inaleta 20. Nikajaribu mara kumi, kitu kinapeta. Nikalala usingizi wa tajiri.

Umeshaona nilipoteleza? Mimi sikuona.

Bibi harusi mmoja akaweka nafasi ya kupambwa Jumamosi, saa 12 asubuhi, kwa sababu kanisani ni saa 4. Programu ikachukua 12, ikajumlisha 6, ikapata 18, na 18 ni saa 12 jioni! Ijumaa dada msusi akatumiwa meseji: kesho, bibi harusi, saa 12 jioni. Akaona ni harusi ya jioni, akajilalia zake.

Alfajiri ile bibi harusi alikaa kwenye ngazi ya saluni na kanga yake, wasimamizi wanne pembeni, geti limefungwa. Wakaingia mitini kutafuta saluni nyingine. Mama mwenye saluni alirudisha hela ya watu, na dada msusi akaambiwa akae nyumbani mpaka atakapojifunza kuamka.

Hapa ndipo sina raha kusimulia. Jumapili yule mama alinipigia, "Mwanangu, programu yako iko sawa?" Nikasema iko sawa, mama. Nilikuwa hata sijaiangalia. Nilikuja kuiangalia usiku, nikaandika 12 asubuhi kwa mkono wangu, nikaona 18 inanitolea macho. Kwenye hesabu yetu 12 ya asubuhi inatakiwa ihesabiwe sifuri, siku ndiyo inaanza. Dawa yake mstari mmoja tu. Nikaurekebisha kimya kimya na sikumwambia mtu. Siku nne!

Wataalamu wanaita kosa kama hilo 'mdudu'. Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walikuta nondo halisi amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi. Jina lenyewe ni la zamani zaidi, Thomas Edison alishalitumia kwenye barua ya 1878. Wangu hakuwa na mbawa, na aliyekuwa anakaa nyumbani bila mshahara kwa ajili yake alikuwa mama wa watoto wawili.

Siku ya tano nilikwenda. Mama alinisikiliza huku anapanga roba, hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akachukua simu akampigia yule dada mbele yangu, kisha akanipa niongee mimi.

Yule dada yupo kazini mpaka leo. Meseji ya programu anaisoma, halafu anampigia kila mteja na kumuuliza, "Shoga, saa 12 ya jogoo au ya popo?" Nusu ya pili ya mshiko wangu sijaiona, na sijaidai.

Kilichobaki kinachonitoa jasho ni saa 9 usiku wa Ijumaa. Kwa kompyuta hiyo tayari ni Jumamosi. Kwa mteja aliyetoka kwenye shoo iliyotangazwa kuanza saa 2 na msanii akapanda jukwaani saa 8, hiyo bado ni Ijumaa na hataki kubishiwa.