Betri Isiyo na Maji

Mtu apitaye katika soko la Dzaleka, wilayani Dowa, ataona meza za mafundi wa simu, na pengine betri iliyovimba kama andazi. Uvimbe ule ni wa hewa: maji ya betri yameharibika yakatoa gesi. (Usiitoboe, yaweza kuwaka moto.) Lakini uko uvimbe mwingine usioonekana kwa macho, nao ndio nitakaoueleza.

Betri ya lithiamu ina ncha mbili, ziitwazo elektrodi. Moja kwa kawaida ni ya grafiti, jamaa ya ule weusi wa kalamu ya risasi; madini yake yamegunduliwa kwa wingi huko Kasiya, si mbali na Lilongwe. Betri ikitiwa chaji, lithiamu huingia kati ya matabaka ya grafiti, nayo hupanuka kiasi cha asilimia 10. Ikitumika hunywea tena. Maji hayaoni taabu, kwani hufuata kila pembe.

Sasa wataalamu wataka kuyaondoa maji hayo, maana ndiyo yashikayo moto, waweke kitu kigumu mfano wa kigae, na ncha iwe lithiamu yenyewe. Kigae hakifuati. Lithiamu ikipungua huachana nacho, mianya hubaki, na umeme wote husongamana mahali pachache panapogusana bado.

Mwaka 2005 Charles Monroe na John Newman walipiga hesabu wakaona kwamba kitu kigumu kiasi cha mara mbili ya lithiamu kingeizuia isiote miiba. Mwaka 2007 kikatangazwa kigae kiitwacho LLZO, ambacho ugumu wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa lithiamu. Miiba ikapita vile vile! Hesabu ilidhani uso usio na dosari, kumbe kigae cha kweli kina nyufa ndogo. Lithiamu, ingawa ni laini hata hukatwa kwa kisu, ikisukumwa na umeme huingia katika ufa na kuupanua, kama kabari ipasuavyo gogo. Mwiba ukifika ng'ambo, betri imekwisha.

Dawa mojawapo ni kuibana betri kwa nguvu ili vitu viwili hivi visiachane. Ukilegeza, mianya hurudi. Ukizidisha, lithiamu hujipenyeza nyufani. Tena, nani atachukua mfukoni simu iliyobanwa kwa jiliwa? Kwa hiyo simu zinazouzwa Lilongwe leo, karibu zote zina betri za maji.