Mbolezi kwa Aliye Hai: Kisasili na Maombolezo katika Unabii wa Kiebrania kuhusu Mataifa

Katika fasihi ya kale ya Kiebrania, kina ilikuwa mbolezi ya msibani, na Yeremia 9:17 huonyesha kwamba wanawake wenye ujuzi waliitwa kuiongoza. Manabii waliuhamisha utanzu huo na kuuelekeza kwa mataifa yaliyokuwa yangali hai. Kumlilia adui kabla hajafa ni kumhukumu. Hapo ndipo penye kejeli ya utanzu.

Ezekieli 27 ni mfano bora. Tiro, mji wa Kifoinike uliojengwa kisiwani, unasawiriwa kama jahazi: mbao za Seniri, mlingoti wa mwerezi wa Lebanoni, wapiga makasia wa Sidoni na Arvadi. Orodha ndefu ya bidhaa inafuata, kisha upepo wa mashariki unalivunja jahazi pamoja na shehena yake. Mwaka 1882 Karl Budde alieleza mizani ya mbolezi hizi: kipande cha mikazo mitatu hufuatwa na cha mikazo miwili, mstari ukawa kama unachechemea. Mizani hiyo hupotea katika tafsiri nyingi za Kiswahili, na pamoja nayo huenda kejeli.

Sura ya 28 inaingiza kisasili. Mfalme wa Tiro yumo Edeni, amevikwa vito, kisha anatupwa chini. Katika aya ya 14, konsonanti mbili zilezile husomwa kwa irabu tofauti: matini ya Kimasora humfanya mfalme kuwa kerubi mwenyewe, ilhali tafsiri ya Kigiriki humweka pamoja na kerubi. Vivyo hivyo, Isaya 14 humwita mfalme wa Babeli nyota ya alfajiri iliyoanguka. Matini za Ugarit, zilizoanza kufukuliwa mwaka 1929, zina Athtar anayeshindwa kukimudu kiti cha Baali, ingawa mlingano huo si kamili. Neno la Kilatini *lucifer* lilikuja kufanywa jina la Shetani, na dhihaka ya kisiasa ikasomwa kama historia ya malaika. Mfasiri asiyebainisha utanzu huendeleza usomaji huo bila kukusudia.

Ezekieli 29:18 yakiri kwamba Nebukadneza hakupata ujira wowote kutoka Tiro. Mji uliokwisha kuombolezewa uliendelea kufanya biashara hadi Aleksanda alipouteka mwaka 332 KK, na wahariri wa kitabu hawakuifuta mbolezi wala ungamo hilo.