SAFARI YA SIKU MOJA: KUWAPELEKA WATOTO KISIWA CHA SAANANE

  

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika orodha ya vitu na kujumlisha bei zake. Leo tutaitumia orodha hiyo kwa kazi ya furaha: tutapanga safari ya siku moja, ya jamaa nzima, kwenda mahali pa matembezi na kurudi nyumbani siku ile ile. Kila mmoja awe na kalamu na daftari. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: SIKU, SAA, NAULI, MAJI, AKIBA.

Katika nchi nyingine watu wamejenga bustani kubwa sana za michezo, zenye mabembea ya mashine, magari madogo ya watoto na nyumba za maajabu. Huko Marekani, katika mji wa Anaheim, jimbo la California, bwana mmoja aliyeitwa Walt Disney alifungua bustani ya namna hiyo tarehe 17 Julai, 1955. Ikaitwa Disneyland. Siku ya kwanza ilikuwa ya taabu. Watu walikuja wengi kuliko walioalikwa, maana wengine walikuwa na tikiti za kughushi. Jua lilikuwa kali, na mabomba mengi ya maji ya kunywa yalikuwa makavu kwa sababu mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma. Nawaambieni habari hii ili mjue kwamba hata tajiri mwenye wahandisi wengi aweza kushindwa na mambo mawili, yaani wingi wa watu na ukosefu wa maji. Sisi tutayaangalia hayo mapema.

Sisi tunayo Saanane. Ni kisiwa chenye mawe makubwa katika Ziwa Victoria, karibu sana na mji wa Mwanza, kiasi cha kilomita 2 tu kutoka katikati ya mji. Kimepata jina lake kwa Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua samaki na kulima huko zamani. Mwaka 1964 Serikali ilikifanya kuwa bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na Serikali katika nchi yetu. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake lote, nchi kavu pamoja na maji, ni kilomita za mraba 2.18. Hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo hapa Tanzania, na kwa mtu mwenye watoto wadogo na bibi mzee udogo huo ni faida: yote huonekana kwa miguu, kwa saa chache.

Mtaona nini? Mtaona swala pala, tumbili, kobe na kenge, na huenda mkamwona mamba. Mtaona pimbi wakiota jua juu ya mawe. Waambieni watoto wamtazame pimbi vizuri, maana ijapokuwa ni mdogo kama sungura, wataalamu wa wanyama wanasema ndovu ni katika jamaa zake wa karibu. Watoto hawatasadiki. Hata mimi sikusadiki nilipoambiwa mara ya kwanza. Tena kuna mjusi wa mawe ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu, na mwili wa buluu, kama aliyevaa nguo ya sikukuu. Jina lake la kitaalamu limetokana na Mwanza yenyewe.

Basi, tupange. Watu wengi huanza kwa kufikiri watatoka saa ngapi. Mimi nasema anzeni na saa ya kurudi. Tuseme ipo jamaa moja hapa Shinyanga mjini: baba, mama, bibi, na watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4. Wanataka kuwa nyumbani saa 2 usiku, watoto wasije wakalala njiani. Kutoka Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160, na basi huchukua kama saa 3, pengine zaidi, kwa ajili ya vituo na mizani. Kwa hiyo yawapasa kuondoka stendi ya Nyegezi saa 10 alasiri. Kutoka mjini hadi Nyegezi kwa daladala tuweke saa nzima, maana barabara hiyo ina magari mengi. Basi kisiwani waondoke kabla ya saa 9. Wakitaka kukaa kisiwani saa 3, lazima wafike kabla ya saa 6 mchana. Hesabuni hivyo mkirudi nyuma, mtaona kwamba basi la asubuhi ni lile la saa 12, wala si la saa 3.

(Hapa mwalimu asimame kidogo, wanafunzi waandike saa hizo katika daftari, moja chini ya nyingine.)

Wenzetu wa Geita, safari yenu ni fupi zaidi, yapata kilomita 120, na sasa ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Zamani ilibidi kungoja kivuko pale Busisi, na siku ya foleni hakuna aliyeweza kusema atavuka saa ngapi. Tarehe 19 Juni, 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3. Sasa gari hulivuka kwa dakika chache, na safari ya kwenda na kurudi siku moja imekuwa jambo la kuhesabika. Baada ya Kigongo njia yenu hukutana na ya Shinyanga pale Usagara, kisha wote huingia Mwanza kwa njia moja.

Sasa fedha. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, kwa ajili ya hesabu. Bei za kweli ulizeni ninyi wenyewe wiki moja kabla, mkaandike. Tuseme nauli ya basi ni shilingi 10,000 kwa kiti kimoja. Mtoto wa miaka 4 atapakatwa, kwa hiyo viti ni 5. Mara 10,000 ni shilingi 50,000. Daladala ya mjini tuseme ni shilingi 600 kwa mtu, mara 5 ni shilingi 3,000. Jumla ya kwenda ni shilingi 53,000, na ya kurudi ni vile vile 53,000. Zote pamoja ni shilingi 106,000.

Katika orodha yenu andikeni nauli ya kurudi mstari wa kwanza kabisa, juu ya vitu vyote. Nina sababu ya kusema hivi. Mara ya kwanza nilipowapeleka watu wangu Mwanza nilikuwa na fedha zote katika mfuko mmoja wa suruali. Tulikula samaki, watoto wakaomba soda, nami nikajiona baba mwema, nikatoa tu. Tulipofika stendi jioni nilihesabu mara tatu, na mara tatu hesabu ilipungua nauli ya watu wawili. Mke wangu hakusema neno. Alikaa juu ya mzigo na mtoto mgongoni, akitazama mabasi yakiondoka, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno. Akapita jirani yetu wa nyumbani, akatukopesha. Kama asingalipita, sijui tungalilala wapi. Tangu siku hiyo fedha ya kurudi hukaa kwa mama yangu mzee, imefungwa katika pindo la khanga, na hata mimi nikiomba hanipi.

Turudi kwa jamaa yetu. Tuseme wameweka shilingi 150,000. Toa 106,000 za nauli, zinabaki 44,000. Toa tena 14,000 za akiba, kwa ugonjwa au gari kuharibika, zinabaki 30,000. Hizo ndizo za kiingilio na mashua. Wakiuliza bei na kukuta kiingilio na mashua kwa watu wote ni zaidi ya hizo, wasiende kwanza. Waweke tena kidogo kidogo, waende mwezi ujao. Wasiuze mbuzi kwa ajili ya matembezi, wala wasikope. Shilingi 150,000 ni nyingi kwa mkulima, lakini ukiweka 7,500 kila wiki, wiki 20 zinatosha. Kwa mwenye pamba, yafaa kuzitenga siku ile ile ya kuuza, kabla ya wageni kusikia. Na wewe mchimbaji mdogo, unayepata nyingi leo na kukosa kabisa mwezi mzima, mpe mama watoto fungu la safari siku ya kupata, maana wewe mwenyewe wajua njia ya kutoka dukani kwa mnunuzi wa dhahabu hadi nyumbani ina milango mingi iliyo wazi.

Kiingilio cha raia na cha mgeni si sawa, kwa hiyo watu wazima wachukue kitambulisho cha Taifa. Mkiuliza bei, tajeni na umri wa kila mtoto. Ulizeni pia namna ya kulipa, kwa kuwa siku hizi malipo ya hifadhi hupitia benki au simu. Yafaa kuwa na fedha hizo katika simu, na simu iwe na chaji. Asiyejua kusoma vizuri ujumbe wa malipo amwombe mwenzake wa darasani amfundishe wiki hii, wala asimpe mtu wa stendi namba yake ya siri.

Chakula chukueni nyumbani. Michembe iliyochemshwa na karanga haiharibiki njiani, wala haina mchuzi wa kumwagika. Viazi na mayai ya kuchemsha ni vizuri pia. Maji ndiyo mzigo mkubwa. Kisiwa ni mawe, na mawe hushika joto. Kila mtu awe na lita moja na nusu, watoto nao vivyo hivyo. Pakieni vitu katika kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019. Na msimpe tumbili chakula. Akizoea kupewa atamnyang'anya mtoto, na meno yake ni makali.

Sasa nataka kusema polepole juu ya maji ya ziwa. Kwenda Saanane ni kwa mashua, kutoka upande wa Capri Point. Safari yenyewe ni fupi, dakika chache tu. Lakini ziwa hili limetuliza wengi. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, watu mamia wakafa. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa na watu kupita kiasi. Kwa hiyo kila mtu avae jaketi okozi kabla mashua haijaondoka, na jaketi ya mtoto iwe ya kimo chake, ifungwe kamba zote. Kama hakuna jaketi ya mtoto, ngojeni. Kama mashua imejaa, ngojeni nyingine. Msione haya mbele ya watu wanaosema mnachelewesha. Ukiona mawimbi makubwa, mwulize nahodha. Akisema tusubiri, msimsukume.

Tena msioge ziwani, wala watoto wasichezee maji ya ukingoni. Mamba wapo. Hata pasipo mamba, kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wa majini, vikapenya katika ngozi bila kusikika, na mtoto huweza kuugua muda mrefu baada ya safari kusahauliwa.

Bibi je? Wengine husema bibi abaki alinde nyumba. Mimi naona kama yuko mzee ambaye hajawahi kuliona ziwa kwa karibu, mpango uanze na yeye. Akichoka kupanda mawe, akae kivulini na mtu mmoja, wengine wapande. Kulinda nyumba mwombeni jirani, nanyi mtamlindia yake zamu yake ikifika.

Wengine wataniuliza juu ya Bujora, pale Kisesa, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Ni mahali pazuri mno, na mwezi wa Juni, wakati wa Bulabo, wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana huko. Lakini Kisesa iko njia ya Musoma, upande mwingine wa mji. Msiunganishe Saanane na Bujora siku moja mkiwa na watoto. Mtaona madirisha ya basi tu. Chagueni moja, nyingine iwe ya mwaka ujao.

Siku ya kwenda, mimi nachagua siku ya kawaida ya likizo ya shule katika miezi ya kiangazi, si siku ya Idi wala ya Krismasi, maana siku hizo watu hujaa.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike orodha ya jamaa yake mwenyewe, nauli ya kurudi ikiwa juu, na bei za kweli alizoziuliza, si zile nilizozitaja mimi. Mke na mume waandike pamoja. Leteni orodha hizo darasani Alhamisi, mwalimu atazisahihisha. Kwaherini.