Santuri iliyozaa filamu yarudi madukani

Aghalabu filamu hutangulia, kisha nyimbo zake zikatolewa kwenye santuri ili wenye filamu waongeze senti mfukoni. A Hard Day's Night ya kundi la Beatles haikufuata desturi hiyo. Hapa wenye pesa waliitaka santuri kwanza, na filamu ikawa njia tu ya kuipata.

Mambo yalikuwa hivi. Mnamo 1963 wakuu wa United Artists, kampuni ya filamu ya Marekani, waligundua kwamba mkataba uliowafunga vijana hao wanne wa Liverpool kwa kampuni yao ya kurekodi haukugusa nyimbo za filamu. Huo ulikuwa mwanya mkubwa, nao hawakulala. Walipiga hesabu kuwa wakitengeneza filamu ya bei ya chini, haki ya kuuza santuri itakuwa yao, na hata kumbi za sinema zikikosa watu, santuri italipa gharama. Pesa zilibanwa hivi kwamba filamu ikapigwa bila rangi. Kazi ilianza Machi 2, 1964, na kufikia Julai 6 watu wa London walikuwa wameketi ukumbini wakiitazama. Miezi minne tu!

Hesabu hiyo haikuwatupa. Santuri iliyotolewa Marekani Juni 1964 ilikaa kileleni mwa orodha ya jarida la Billboard kwa wiki 14. Nayo filamu, ambayo mwelekezi wake alikuwa Richard Lester, ilipendwa mno, hata George Martin aliyesimamia muziki wake akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Santuri hiyo ya Marekani ilitolewa upya Novemba 22, 2024. Ilikuwa ndani ya sanduku la albamu saba za Beatles, na pia iliuzwa peke yake kwa asiyetaka kununua sanduku zima.

Hapa, msomaji, fungua macho. Ziko santuri mbili zenye jina hilo moja. Ile ya Uingereza, iliyotoka Julai 10, 1964, ina nyimbo 13, zote zikiwa zimetungwa na John Lennon na Paul McCartney. Saba za upande wa kwanza ni za filamu, na sita za upande wa pili hazimo katika filamu. Ile ya Marekani ina nyimbo 8 za kuimbwa, na nafasi 4 zilizosalia zimejazwa na okestra ya George Martin ikipiga bila sauti ya mtu. Vipande hivyo vya okestra ni kama chai iliyopashwa moto mara ya pili, isipokuwa kile kinachosikika Ringo Starr anapotangatanga peke yake kando ya mto. Hicho kina huzuni ya kweli.

Kinachoipa santuri hii mpya thamani ni mono, yaani sauti yote kutoka mahali pamoja badala ya kugawanywa kushoto na kulia. Vijana wengi wa 1964 walisikiliza muziki kwa redio au gramafoni yenye spika moja, kwa hivyo mafundi walitia bidii yao kwenye mono. Hata santuri ya United Artists iliyouzwa wakati huo kwa jina la sterio, nyimbo za Beatles zilizokuwemo hazikuwa za sterio halisi. Waliolipa zaidi walidanganywa, tuseme ukweli.

Safari hii fundi Kevin Reeves, akiwa Nashville, alitumia kanda za asili za mono bila kuipitisha sauti kwenye kompyuta. Kanda huzunguka, umeme unaotoka humo hutikisa sindano, na sindano huchonga mfereji mwembamba kwenye sahani laini. Kutokana na sahani hiyo hutengenezwa mhuri wa chuma, na mhuri ndio unaokandamiza plastiki ya moto iwe santuri. Kila moja ina uzito wa gramu 180. Matangazo hujivunia sana uzito huo, lakini utamu wa sauti hutokana na kanda na mkono wa fundi. Uzito huifanya santuri isipinde upesi, basi.

Ukiweka sindano, jambo la kwanza kukupokea ni ule mlio mmoja wa gita kabla Lennon hajafungua kinywa. George Harrison anacharaza Rickenbacker ya nyuzi 12, na wengine wanagonga pamoja naye. Wimbo ulirekodiwa Aprili 16, 1964, na kwa miaka mingi wapiga gita walibishana ni noti zipi zilizomo. Wanafunzi wanaouliza hisabati itawafaa nini wamsikilize Jason Brown wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Aliuchambua mlio huo kwa hesabu na kudai kuwa ndani yake umejificha mguso wa piano.

Je, inunuliwe? Mwenye pesa za santuri moja tu aitafute ile ya Uingereza, ambayo ilitolewa upya kwa sterio mwaka 2012 na kwa mono mwaka 2014. Ina nyimbo nyingi zaidi za Beatles wenyewe. Hii ya Marekani ni ya shabiki wa filamu, na wa yule anayetaka kusikia bidhaa ambayo United Artists waliitolea filamu nzima. Na kama gramafoni ya baba imekaa kabatini miaka 20, badilisha sindano kwanza. Sindano butu huukwaruza mfereji, na mfereji ukishakwaruzwa haurekebishiki.