Silaha inavyoamua mbinu za mapambano katika michezo ya kuigiza mezani

Anayeutazama mchezo wa Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza huenda akadhani kwamba wachezaji wamekusanyika kupiga soga tu. Watu wanne au watano wameizunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanamjibu, na mara kwa mara dadu yenye nyuso 20 inarushwa. Mshindi hatangazwi mwishoni kama ilivyo katika bao au drafti. Kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja wa kubuni, awe askari, mchawi, mwizi au kasisi, huku msimamizi wa mchezo akiwaongoza maadui na kuueleza ulimwengu wote uliosalia.

Lakini pindi msimamizi anapotangaza kwamba majitu yamejitokeza kutoka pangoni, soga hugeuka kuwa hesabu. Mhusika aliyelelewa kwa miaka miwili ya mikutano ya kila wiki anaweza kufa kwa mrusho mmoja mbaya wa dadu. Hapo ndipo swali ambalo awali lilionekana dogo linapokuwa zito: ameshika silaha gani mkononi?

Kwa mtazamo wa haraka, silaha hutofautiana kwa kiasi cha madhara inayoleta. Jambia hurushiwa dadu ya nyuso 4, upanga wa kawaida dadu ya nyuso 8, na shoka kubwa la mikono miwili dadu ya nyuso 12. Lau mambo yangeishia hapo, kila askari angebeba shoka. Kinachozuia hali hiyo ni kwamba vita si kukatana pekee. Mpiganaji anaweza kumpiga adui mtama, kumpokonya silaha, kumsukuma hadi ukingoni mwa jabali, kumkaba, au kuivunja ngao yake. Mbinu hizi hazimwagi damu moja kwa moja, ila mara nyingi ndizo huamua nani atarudi nyumbani.

Waanzilishi wa michezo hii walilifikiria suala la silaha tangu mapema. Mnamo 1971, Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha kanuni za vita vya vikaragosi zilizoitwa Chainmail, ambamo pambano la mtu na mtu lilikuwa na jedwali lililolinganisha kila silaha na kila aina ya deraya. Kutokana na kazi hiyo, Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons mwaka wa 1974. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kilizidisha undani: kila silaha ilipewa urefu wake, nafasi inayohitaji ili izungushwe, na kiwango cha wepesi. Jambia lilipewa 2 na upanga wa mikono miwili 10, maana yake ikiwa kwamba upanga huo ulikuwa mzito zaidi kuusogeza. Wachezaji wengi waliyapuuza majedwali hayo, na ni vigumu kuwalaumu, kwani kila pigo lilihitaji kufunua kurasa kadhaa.

Mwaka uo huo wa 1978, mchezo wa RuneQuest wa Steve Perrin na wenzake ulipitia njia nyingine. Humo, urefu wa silaha, pamoja na wepesi na kimo cha mhusika, ndivyo huamua nani apige kwanza. Mwenye mkuki mrefu humchoma mwenye kisu kabla kisu hakijafika. Ni kanuni rahisi, na yeyote aliyewahi kumfukuza mbwa kwa fimbo ndefu anaielewa bila kufundishwa.

Hata hivyo, uhusiano baina ya silaha na mbinu ulipewa umbo kamili katika toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka wa 2000, lililofanyiwa marekebisho 2003. Kwa mujibu wa kanuni za 2003, anayetaka kumpokonya mwenziwe silaha hushindana naye kwa dadu. Aliyeshika silaha ya mikono miwili huongezewa alama 4, naye aliyeshika silaha nyepesi kama jambia hupunguziwa alama 4. Kwa wapiganaji wawili waliolingana katika mengine yote, tofauti hiyo ya alama 8 ni pengo kubwa mno. Ukihesabu matokeo yote 400 ya dadu mbili za nyuso 20, mwenye jambia hufaulu kuupokonya upanga mkubwa mara 66 pekee, yaani takriban mara moja kati ya sita. Isitoshe, akishindwa, mpinzani wake anaruhusiwa kujaribu papo hapo kumpokonya yeye.

Kuvunja silaha hufuata hesabu iyo hiyo, ila kuna sharti la ziada: silaha inayovunja lazima iwe ya kukata au ya kuponda. Mkuki, ambao kazi yake ni kuchoma, hauwezi.

Basi jambia lina faida gani? Faida yake huonekana wapiganaji wanapokabana. Mtu aliyekumbatiwa na adui hawezi kuzungusha upanga mrefu, na kanuni zilisema kwamba katika hali hiyo ni ngumi na silaha nyepesi pekee zinazoweza kutumika. Hapa mchezo uliafikiana na historia. Katika Ulaya ya karne ya 15, wapiganaji waliovaa deraya la chuma mwili mzima walimalizana kwa mieleka, kisha jambia likapenyezwa katika mwanya wa kwapa au wa kofia. Mwalimu wa upanga wa Italia, Fiore dei Liberi, aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo, alianza mafunzo yake kwa mieleka kabla ya kufika kwenye upanga.

Kupiga mtama nako kulikuwa na masharti yake. Asiye na silaha aliyejaribu kumwangusha adui alijiweka hatarini, kwa kuwa adui alipata nafasi ya kumpiga pigo la bure kabla ya jaribio lenyewe. Mwenye silaha ifaayo, mathalani mjeledi, mundu au rungu la mnyororo, hakupata adhabu hiyo. Aidha, jaribio lilipomgeukia naye akawa anakaribia kuangushwa, aliweza kuiachilia silaha yake ili abaki wima. Kiumbe wa miguu minne aliongezewa alama 4 za uthabiti. Kanuni za mchezo wa Pathfinder za mwaka wa 2009 zilienda mbali zaidi na kutamka kwamba asiye na miguu hawezi kupigwa mtama kamwe, jambo lililowaokoa wasimamizi kutokana na mabishano kuhusu chatu.

Silaha iliyozua malalamiko makubwa zaidi ilikuwa mnyororo wenye miiba. Ili kuelewa ni kwa nini, inafaa kujua kwamba uwanja wa vita hugawanywa katika miraba ya futi 5, na kwamba adui anayetoka katika mraba unaolindwa na mpiganaji hupigwa pigo la bure. Mkuki mrefu ulifika futi 10, lakini haukuweza kumpiga aliyesimama karibu kabisa. Mnyororo ulifika futi 10 na pia karibu. Vile vile uliongeza alama 2 katika kupokonya silaha, na uliruhusu kupiga mtama. Adui alipoukaribia aliangushwa kwa pigo la bure, alipojaribu kuinuka alipigwa tena kwa pigo la bure, na yeyote aliyemfuata alipatwa na yayo hayo. Ingawa ulihitaji mafunzo maalumu, ulienea hivi kwamba mtu angedhani Ulaya ya kale ilijaa minyororo. Pathfinder, uliojengwa juu ya kanuni hizo, uliuondolea urefu wake, na fahari yake ikaisha.

Tatizo lililobaki lilikuwa wingi wa mahesabu. Ndiyo maana toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotolewa 2014, lilikata karibu yote. Kumsukuma au kumwangusha adui kulikuwa shindano la nguvu za mwili, na silaha iliyo mkononi haikuhesabiwa. Mwenye rungu na mwenye upanga walikuwa sawa. Michezo ilienda kasi, lakini askari ndiye aliyelipa gharama. Mchawi aliendelea kuchagua miongoni mwa makumi ya uganga, wakati askari, isipokuwa yule aliyechagua njia maalumu ya mbinu za vita, alisema maneno yale yale kila zamu ilipomfikia: ninampiga. Si haki kumwambia mtu aketi mezani saa nne kwa ajili ya sentensi moja.

Pathfinder ulijibu mapema zaidi. Toleo lake la pili la 2019 liliipa kila silaha sifa zilizoandikwa waziwazi: hii hupiga mtama, hii hupokonya, hii husukuma. Mwenye silaha yenye sifa husika hahitaji mkono mtupu ili kutekeleza mbinu, na uchawi ulio katika silaha humsaidia katika jaribio hilo.

Dungeons & Dragons ulifuata katika kitabu cha wachezaji cha 2024. Kitabu hicho kina sifa nane za umahiri, na silaha moja hubeba sifa moja. Fimbo, shoka la vita na nyundo kubwa huweza kumwangusha aliyepigwa akishindwa kujikaza. Nyundo ya vita na mkuki mrefu wa askari wa miguu humrudisha nyuma futi 10, mradi asiwe jitu kupita kiasi. Upanga wa kawaida humvurugia adui pigo lake lijalo, mjeledi humpunguzia mwendo, na shoka kubwa humfikia na jirani yake. Kitara na jambia humwezesha mwenye silaha mbili kupiga pigo la ziada kwa wepesi.

Askari chipukizi humudu umahiri wa silaha tatu, na kanuni humruhusu kuchomoa au kurudisha silaha kila anapopiga. Matokeo yake ni kwamba mchezaji mwerevu huangusha kwa fimbo, hubadilisha, kisha hukata kwa upanga, yote katika zamu moja, kama mchuuzi anayebadilisha bidhaa mbele ya mteja. Aidha, mwenye nyundo anayepiga mara tatu humlazimu msimamizi kurusha dadu tatu zaidi ili kujua kama adui angali amesimama. Baadhi ya wasimamizi wameanza kuzirusha dadu hizo zote kwa pamoja. Wengine humtaka mchezaji aseme mwanzoni mwa zamu ni silaha gani atakayoitumia, na asibadilishe hadi zamu imalizike.