Maji Yaliyo Safi kwa Macho

Watoto wetu hufundishwa mapema chuoni kwamba maji hutazamwa kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari ya kitu kisichobadili hata moja katika hizo tatu, nacho ni mabaki ya dawa.

Mgonjwa amezapo kidonge, mwili wake hautumii chote. Sehemu yake hutoka pamoja na mkojo, ikaingia katika mfereji wa maji machafu. (Na wako watu ambao dawa iliyobaki nyumbani huitupa chooni, ikaenda huko nzima nzima! Jambo hili laweza kuachwa leo hii.) Mitambo ya kawaida iliundwa kuondoa kinyesi na takataka, dawa nyingine, kama karbamazepini wapewayo wenye kifafa, hupita humo karibu kama zilivyoingia.

Yamkini mtu atasema kuwa ni chache mno, hazidhuru. Huko Kanada, kati ya mwaka 2001 na 2003, wataalamu walitia katika ziwa dogo la Ontario homoni itumikayo katika vidonge vya kuzuia mimba. Gramu moja ukiigawa mafungu bilioni, wao walitia mafungu 5 au 6 tu kwa kila lita. Samaki madume wakaanza kufanya mwilini mwao uto wa mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani.

Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia liliamua kuwa maji machafu yaliyosafishwa kabisa, yakarudia asili yake, yafaa kwa twahara. Na kuyanywa pia, isipokuwa yakiwa na madhara kwa afya. Basi twaona kuwa katika dawa hizi swali si la najisi, bali ni la madhara.

Njia moja ya kuziondoa ni utando. Katika wilaya ya Orange County, jimbo la California, Marekani, kazi hii yafanywa tangu mwaka 2008. Kwanza maji hupitishwa katika nyuzi zenye uwazi ndani kama mirija, zenye vitundu vidogo hata bakteria hawapiti. Dawa hupita, kwani chembe zake ni ndogo zaidi sana. Kisha maji husukumwa kwa nguvu kubwa yapenye utando wa pili, ulio mzito hata chumvi iliyoyeyuka huzuiwa. Na hapo ndipo dawa karibu zote hubaki nyuma. Chembe chache ndogo mno hupenya hata huko, kwa hiyo maji hutiwa haidrojeni peroksaidi na kumulikwa kwa miali mikali ili zivunjwevunjwe. Hatimaye hupelekwa ardhini, yakachanganyika na maji ya visima wanywayo wakazi wa huko.

Lakini utando hauiui dawa, huitenga tu. Katika kila lita 100 zifikazo kwenye utando wa pili, lita 85 hivi hutoka safi, na 15 zilizobaki hubeba chumvi na dawa za zote mia. Huko Orange County hizo 15 hupelekwa kwa bomba hadi katika bahari ya Pasifiki.