Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi

Karani wa kampuni binafsi anafokewa na meneja mbele ya wenzake kila asubuhi. Ananyang'anywa meza, anatumwa chai, likizo yake inazuiwa. Siku moja anaandika barua ya mistari miwili: naacha kazi. Anatoka getini akidhani ameshinda. Je, sheria ya Tanzania inamtazamaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumsahau. Kwa aliyefikisha miezi sita kazini, inasema hivi: mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mtu akajiuzulu, huko ni kuachishwa kazi, ingawa barua kaiandika mfanyakazi mwenyewe. Lakini, ndugu msikilizaji, ipo mitego mitatu.

Kwanza, ushahidi. Kwa kawaida aliyefukuza ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa alitenda haki. Aliyejiuzulu, yeye ndiye aanze kuthibitisha manyanyaso. Kanuni za mwaka 2007 zinauliza pia: ulilalamika kwanza kwa njia zilizopo hapo kazini? Maneno ya mdomo hayaachi alama. Andika, weka tarehe, baki na nakala, mweleze kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Pili, muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine, hata ya aliye bado kazini, ni siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, tena kwa sababu ya msingi.

Tatu, kurudi. Mwamuzi haamuru mtu arudishwe kazini pale ambapo uhusiano umeharibika kiasi cha kutovumilika. Na wewe ndiye uliyesema hauvumiliki! Kitakachobaki kudaiwa ni fidia.

Kwa hiyo anayeipenda kazi yake asingoje barua ya hasira. Hatua ya kwanza pale Tume ni usuluhishi. Msuluhishi hatoi hukumu. Huwakalisha pande zote mbili, na yanayosemwa humo ni siri. Huenda meneja akakubali kuacha kufoka, au karani akahamishiwa idara nyingine. Wakishatia saini, makubaliano hayo yanawafunga wote.

Nanyi waajiri: kumchosha mtu mpaka aondoke mwenyewe hakuwaepushii fidia.